Safari ya Vitu vya Maonyesho: Mkono na Karatasi

Kila mwaka majira ya maonyesho ya ukulima na biashara yanapokaribia, barua huanza kuja kutoka Migori, Awendo, Rongo, Oyugis, Mbita na Homa Bay kwenyewe, na nyingi katika hizo huuliza jambo moja. Hawaulizi jinsi ya kufinyanga chungu kizuri, wala jinsi ya kusuka kikapu, kwa maana kazi hizo wanazijua kupita mimi. Huuliza hivi: "Kitu chetu kimekwisha kutengenezwa, na nafasi uwanjani tumepewa. Sasa tutakifikishaje huko kikiwa kizima?" Ndugu mmoja wa Migori aliongeza neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu juma hili. Alisema kwamba seremala amemtajia bei ya kasha la mbao, na bei hiyo imezidi thamani ya chungu kitakachowekwa ndani yake. Je, hiyo si hasara iliyo wazi?

Swali lake ni la haki, wala halifai kuchekwa. Mtu mwenye shilingi chache imempasa kuuliza kila shilingi inakwenda wapi. Nitalijibu kabla sijamaliza, lakini kwanza yafaa tuelewane juu ya jambo moja, nalo ni hili: kitu cha maonyesho si sawa na bidhaa ya sokoni.

Bidhaa ya sokoni ina ndugu zake. Mama akipeleka vyungu 20 katika soko la Oyugis, na viwili vikavunjika njiani, amepoteza viwili, na 18 vilivyosalia atauza. Hata asipouza siku hiyo, siku ya soko itarudi. Lakini kitu cha maonyesho kimechaguliwa katikati ya vingi kwa sababu ndicho kilicho bora, nacho hakina ndugu wa kukishika mahali pake. Tena siku yake ni moja. Waamuzi wakipita mbele ya meza tupu hawarudi nyuma kuitazama tena, na mnunuzi aliyetoka mbali akiona magae atakwenda kwenye meza ya jirani. Basi, ndani ya kasha lile hamna chungu tu. Mna kazi ya miezi, na nauli iliyochangwa na watu wengi, na jina la kundi zima.

Kwa nini basi vitu vingi huharibika kabla ya kufika? Watu wengi hulaumu barabara, nami sikatai kwamba barabara zina makosa yao. Lakini kwa kadiri nilivyoona, kitu hakivunjiki sana wakati gari linapokwenda. Huvunjika zaidi pale kinapotoka mkono mmoja kuingia mkono mwingine.

Wazee wa Homa Bay na Kendu Bay huzikumbuka zamani za stima. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji huo ulipokuwa ukiitwa Port Florence, na baadaye stima zikawa zikizunguka bandari za ziwa zikichukua abiria na shehena. Stima na gari moshi vyote vilikuwa chini ya bwana mmoja, yaani Shirika la Reli na Bandari, ambalo tangu mwaka 1948 lilikuwa la Afrika Mashariki nzima. Sanduku likipokewa gatini Homa Bay liliweza kufika Nairobi bila kutoka katika ulinzi wa shirika lile. Sisemi kwamba zamani hizo hakuna kilichovunjika. Nasema tu kwamba kilipovunjika, mtu alijua mlango wa kubisha. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na mizigo ya pande zetu kwa sehemu kubwa imehamia barabarani.

Siku hizi hesabu mwenyewe. Kasha hutoka kijijini juu ya pikipiki mpaka barabara kuu. Hapo hupandishwa matatu mpaka mjini. Kwenye kituo cha magari huchukuliwa na makuli, nao hulipeleka katika basi au lori la usiku. Asubuhi hupokewa na mwenye mkokoteni, na mwisho huingia mikononi mwa watu wa uwanjani. Hiyo ni mikono sita, na kila mmoja humkabidhi mwenzake kwa haraka, mara nyingi gizani, bila kusema neno. Mwenye mali yuko nyumbani Migori akimwomba Mungu.

Nilipata kuona matokeo yake. Kundi la akina mama wafinyanzi wa upande wa Homa Bay lilipeleka vyungu vinane vya ukubwa unaofuatana, kuanzia cha maji mpaka kidogo cha mboga, kila kimoja na kifuniko chake. Walivifunga kwa majani makavu ndani ya magunia, wakavitoa kwa mchukuzi, wakapewa risiti. Wao wenyewe walifuata kwa gari jingine. Magunia yalipofunguliwa uwanjani, vyungu vitatu tu vilikuwa vizima. Ndipo maulizo yakaanza. Dereva alisema kwamba aliyapokea magunia yakiwa yamefungwa, hakujua mna nini. Kuli alisema kwamba hakuna aliyemwambia kuwa ni vyungu. Ofisini walionyeshwa nyuma ya risiti, mahali palipoandikwa kwa herufi ndogo kwamba mzigo husafiri kwa hatari ya mwenyewe. Nilisikiliza maneno yote hayo kwa makini, na kwa kweli hakuna hata mmoja aliyesema uongo, wala hakuna hata mmoja aliyelipa.

Mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuja kutazama vyungu vinane kwa ajili ya hoteli alikuja, akavitazama vile vitatu kwa adabu, akasema huenda mwaka ujao. Mama mmoja mzee aliokota magae akayatia katika kanga yake. Alisema kwamba udongo ule mzuri huchimbwa wakati wa kiangazi tu, na kwamba kiangazi kimekwisha pita.

Sasa nitawaeleza habari ya kitu kingine kilichosafiri kutoka pande hizi hizi, nacho kilikuwa chepesi kuvunjika kuliko chungu cho chote. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay, Bibi Mary Leakey alivumbua fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya nyani wakubwa, ambaye wataalamu walimwita Proconsul. Fuvu hilo lina umri wa miaka ipatayo milioni 18. Lilikuwa vipande vipande, naye aliviunganisha kwa subira mpaka uso ukaonekana. Wataalamu wa Uingereza walitaka sana kuliona, na watu wa magazeti vile vile. Je, Bibi huyo alilipelekaje? Hakulitia katika shehena, wala hakulikabidhi kwa mtu mwingine. Alipanda ndege nalo, likiwa katika sanduku alilolipakata mapajani, mpaka Uingereza. Lilitoka Afrika katika mkono mmoja, likafika katika mkono ule ule.

Hilo ndilo somo langu la kwanza, nami naliita somo la mkono. Si lazima kila mtu apakate mali yake. Chungu cha maji hakipakatiki. Lakini kila kitu cha maonyesho na kiwe na mlinzi mmoja, ajulikanaye kwa jina, tangu mlango wa nyumba mpaka meza ya uwanjani. Kundi likutane kabla ya safari na kumchagua. Asiwe mkubwa wa kundi kwa sababu ya ukubwa wake, wala kijana anayetaka tu kuuona mji. Awe mtu mtulivu, asiyeona haya kumwambia kuli, "Ndugu yangu, tafadhali, hili tulibebe wawili." Yeye asafiri katika gari lile lile lenye kasha. Gari likisimama, naye ashuke. Mzigo ukihamishwa, awepo. Nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko thamani ya vyungu vitano, na kama makundi matatu ya Migori, Rongo na Homa Bay yakikodi lori moja kwa pamoja na kuweka mlinzi mmoja au wawili, gharama yake itakuwa nyepesi kwa kila mmoja.

Somo la pili ni la karatasi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakusema hivyo kwa wenye maduka peke yao. Kabla ya kasha kufungwa, andika orodha ya vitu vyote vilivyomo, kila kimoja kwa nambari yake, kipimo chake, hali yake na thamani yake kwa shilingi. Kama chungu kina ufa mdogo tangu zamani, uandike, ili usije ukabishana bure. Kila kitu kipigwe picha, na siku hizi jambo hilo si gumu, kwa kuwa simu ya mkononi hupiga picha na kuionyesha tarehe. Toa nakala tatu za orodha: moja ibaki nyumbani, moja mlinzi awe nayo, na moja ibandikwe ndani ya mfuniko wa kasha. Kila mahali mzigo unapobadili mkono, anayepokea aandike jina lake, saa na hali ya kasha kwa nje. Watu wengine watanung'unika kwamba unawachelewesha. Wewe sema kwa upole, wala usiache. Mtu aliyetia sahihi hubeba kwa namna nyingine.

Kisha soma risiti ya mchukuzi kabla hujalipa, mbele na nyuma. Ukiona maneno ya hatari ya mwenyewe, au kiasi kidogo tu ambacho mchukuzi amekubali kulipa mzigo ukipotea, jua kwamba umeachiwa mzigo wako wote. Uliza kama unaweza kutaja thamani na kulipa zaidi ili ulindwe. Uliza pia katika kampuni ya bima juu ya bima ya mali iliyo safarini. Usidhani kwamba bima ya lazima ya gari lenyewe inakutosha, kwa sababu bima ile ni kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa barabarani, si kwa ajili ya shehena yako. Na bima yo yote itakuuliza thamani ya kitu na hali yake kilipoondoka. Hapo ndipo utakapofurahi kwamba uliandika orodha.

Sasa natuje kwenye kufunga. Kanuni ni moja: kitu kisiguse kitu, wala kisiguse ubao, wala kisipate nafasi ya kucheza. Chungu kijazwe ndani kwa magazeti ya zamani yaliyofinyangwa, kwa wepesi, bila kukandamiza. Kizungushiwe kitambaa kinene au kipande cha blanketi, kisha kitiwe katika kasha dogo. Kasha dogo nalo litiwe ndani ya kasha kubwa, na kati yao pawe na nafasi ya vidole vinne pande zote, juu na chini pia, ijazwe maranda ya seremala au vipande vya godoro la sponji. Vifuniko vifungwe peke yake. Majani makavu, ambayo wengi wetu huyapenda kwa kuwa ni ya bure, yana aibu mbili: huficha unyevu na wadudu, tena hulala kadiri gari linavyotikisika, na baada ya mwendo wa saa moja chungu hubaki kikielea katika nafasi tupu. Ukimaliza, tikisa kasha taratibu. Ukisikia sauti, fungua uanze tena.

Vinyago vya mawe ya Tabaka, ambavyo wengi wa Migori huvinunua kwa jirani zetu wa Kisii na kuvionyesha, vina tabia nyingine. Ni vizito, na uzito wao wenyewe ndio huvivunja. Havivunjiki tumboni, huvunjika masikioni, shingoni na mikononi. Basi, egemeza na kukaza sehemu nene, na sehemu nyembamba uziache zizungukwe na kitu laini bila kubeba mzigo. Vikapu na mikeka ya mafunjo haiogopi kuanguka, lakini huogopa maji na kulaliwa. Ijaze ndani ili isibonyee, na kuifunika isilowe. Omena wawe wakavu kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo watafanya ukungu, na kamwe wasisafiri karibu na vikapu, kwa kuwa harufu haina breki. Asali isimame wima, na kila chupa iwe ndani ya mfuko wake. Mashine za mafundi wa jua kali zifungwe juu ya kitako cha mbao, kila kinachozunguka kikazwe kisizunguke, na mafuta yamwagwe katika chombo chake nyumbani. Kubeba petroli ndani ya gari la abiria ni kuhatarisha roho za watu kwa ajili ya kikombe cha ushindi.

Kasha lenyewe lifungwe kwa skrubu, lisipigiliwe misumari. Nyundo hutikisa kilichomo, na msumari uking'olewa mara mbili ubao hupasuka. Litiwe vishikio viwili, kimoja kila upande. Jambo hili ni dogo, lakini lina nguvu kuliko onyo lililoandikwa kwa rangi nyekundu: kasha lenye vishikio viwili hubebwa na watu wawili, na kasha lisilo na vishikio huviringishwa. Tena chora alama zinazojulikana dunia nzima, yaani glasi kwa maana ya chepesi kuvunjika, mwavuli kwa maana ya mvua, na mishale miwili ya kuonyesha upande wa juu. Alama hizo humfaa hata asiyesoma, au anayesoma lakini yumo gizani saa kumi ya usiku.

Ndani ya lori, kasha lenye vitu vyepesi kuvunjika liwekwe karibu na katikati, mbele ya magurudumu ya nyuma. Mkiani mwa gari ndipo panaporushwa zaidi kila shimo linapopitwa. Lisiwekwe chini ya saruji wala magunia ya mahindi. Likazwe kwa kamba pande zote na kufunikwa turubali, hata kama mbingu ni nyeupe, kwa sababu sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua jinsi mvua ya alasiri inavyokuja bila barua.

Na siku zihesabiwe kwa kurudi nyuma. Tuseme maonyesho ni ya Kisumu, na waamuzi watapita Jumatano asubuhi. Basi Jumanne ni ya kupanga meza. Jumatatu iache iwe ya akiba, ili tairi likipasuka kati ya Rongo na Kisii, au kitu kikihitaji kutengenezwa, usiwe umekwisha. Safari ni Jumapili, na kasha lifungwe Jumamosi mbele ya watu wawili. Ndugu zetu Wasabato, ambao ni wengi katika nchi hii tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa mwaka 1906, wafunge yao Ijumaa kabla ya jua kuchwa. Kama maonyesho ni yale makubwa ya Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri Park ambao zamani uliitwa Mitchell Park, ongeza siku moja ya safari na siku moja zaidi ya akiba. Wapo wanaosema kwamba siku za akiba ni gharama ya bure. Mimi naziita siku za usingizi mzuri.

Wako pia wasomaji wanaotaka kuvuka mpaka, na watu wa Migori wako karibu nao kuliko wengi. Kutoka Isebania unaingia Sirari, na kutoka hapo njia inakwenda Musoma na Mwanza, na hata Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Saba Saba. Kumbuka kwamba vitu vya kuuza na vitu vya kuonyeshwa na kurudi si kitu kimoja mbele ya watu wa forodha. Tangaza mapema, kabla ya kuulizwa, kwamba hivi vinakwenda maonyesho na vitarudi, uwape orodha yako yenye nambari, na uwaombe waithibitishe wakati wa kwenda, ili wakati wa kurudi usidaiwe ushuru wa mali yako mwenyewe. Vile unavyotaka kuviuza huko, kama vimetengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, viko chini ya utaratibu mwepesi wa hati ya asili ya bidhaa ambao uliwekwa kwa ajili ya wafanya biashara wadogo. Uliza hati hiyo hapo hapo mpakani, wala usimpe mtu wa njiani fedha akuletee.

Na kama Mungu akikufungulia mlango wa Ulaya au Marekani, jihadhari na mbao. Kwa kanuni ya mataifa iliyowekwa mwaka 2002 ili kuzuia wadudu wa miti, mbao za kasha mara nyingi hutakiwa kuwa zimepashwa moto mpaka nyuzi 56 katikati ya ubao kwa muda wa dakika 30 au kutiwa dawa iliyoruhusiwa, na kupigwa chapa yenye suke la ngano. Kasha lisilo na chapa hiyo laweza kuzuiliwa, na hata kuchomwa moto, pamoja na uzuri wake wote. Huko majani makavu nayo huweza kukataliwa kwa sababu ile ile.

Neno moja zaidi, nalo husahauliwa kuliko yote: safari ina kwenda na kurudi. Siku ya mwisho ya maonyesho watu wamechoka, wengine wana furaha ya ushindi na wengine wana uchungu, na vitu vilivyokuja vimefungwa kwa siku mbili hurudishwa kwa nusu saa. Hifadhi kasha, maranda, vitambaa na skrubu katika mfuko mmoja chini ya meza yako. Kama umemwachia mtu kitu chako akionyeshe mahali pengine, mwandikiane kwamba ni azima, kwa muda gani, na ni nani atakayelipa gharama ya kukirudisha.

Hapo yafaa nimalize habari ya lile fuvu la Rusinga. Serikali ya Kenya ililitoa kwa makumbusho ya London liwe la azima. Miaka ikapita, watu wakabadilika, na Kenya ilipotaka lirudishwe, huko London ilidhaniwa kwamba lilitolewa liwe zawadi. Kwa maneno matupu shauri hilo lisingekwisha. Lakini barua ya zamani ilipatikana, iliyoonyesha wazi kwamba ilikuwa azima, na mwaka 1982 fuvu likarudi Kenya. Mkono wa mama mmoja ndio uliolifikisha likiwa zima, na karatasi ndiyo iliyolirudisha kwao baada ya zaidi ya miaka 30. Kama barua ile ingetupwa, sijui leo watoto wa Rusinga wangekwenda wapi kuliona.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Migori na seremala wake. Kama kasha ni la safari moja na chungu kimoja, hesabu yako ni sawa, nami sina la kubisha. Lakini kasha la skrubu halifi baada ya safari moja. Tuseme seremala anataka shilingi 3,000, na kasha likatumika kwenda na kurudi mara sita. Basi kila mara ni shilingi 500. Kama ni mali ya kundi lenye watu kumi, kila mmoja atoa shilingi 50. Kabla ya kusema kwamba shilingi 50 ni nyingi, weka upande wa pili wa mizani nauli mliyokwisha kuchanga, siku mlizoacha mashamba, na yule mnunuzi wa vyungu vinane ambaye hakununua hata kimoja. Bei ya chungu peke yake si kipimo cha haki cha kasha. Kipimo chake ni kile ambacho kundi litakosa siku chungu kisipofika.

Tena usiliache shauri hili mpaka juma la maonyesho. Chagueni mlinzi sasa, andikeni orodha sasa, na seremala aambiwe sasa, kwa maana wakati wa maonyesho naye atakuwa na wateja wengi, na kazi ya haraka huacha misumari ikichungulia ndani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kusafirisha ng'ombe na kuku wa maonyesho, ambao wana sheria zao na vyeti vyao kutoka kwa Daktari wa Mifugo, na ambao, tofauti na vyungu, hudai maji njiani. Mpaka hapo nawatakia safari njema na meza zilizojaa.